Kona ya Vyuma: Maswali ya wiki ya mwisho kabla ya kupanda jukwaani

Wadau wa chuma salaam. Mwezi huu meseji zimekuja nyingi kuliko kawaida, kuanzia Mwanga, Gungu, Ujiji mpaka Kasulu uko juu, na karibu zote zinauliza kitu kimoja, zile siku saba za mwisho kabla ya mashindano ya kutunisha misuli mtu afanye nini, kwaiyo nimeamua kona nzima iwe ya hilo tu, walioniuliza mambo ya kuongeza uzito na mabega mnivumilie mpaka toleo lijalo. Msimamo wangu nauweka mapema ili mtu asije kushangaa majibu yangu yanafanana: mwili utakaopanda nao umeshatengenezwa wiki 12 au 16 zilizopita, wiki ya mwisho haikuongezei msuli ata wa kidole, ila kuharibu inaharibu sana, na nimeona vijana wazuri kabisa wa hapa Kigoma wakiharibikiwa Alhamisi na Ijumaa kwa sababu ya kusikiliza maneno ya pembeni.

SWALI: Kocha habari za kazi. Mimi ni fundi welding hapa Gungu, nina kilo 76, mashindano ni Jumamosi ya wiki ijayo. Washkaji wa jimu wananiambia Alhamisi asubuhi nikate maji kabisa mpaka nishuke jukwaani ili ngozi ishikane na msuli. Mimi ni muislamu, Ramadhani nafunga zote bila shida, naona siku mbili bila maji nitamudu tu. Ninachouliza nikate ghafla au nipunguze kidogo kidogo?

JIBU: Fundi, usikate. Si ghafla wala kidogo kidogo, na nitakueleza kwa nini ili ukibanwa na hao washkaji uwe na la kuwajibu.

Wanaosema kata maji wanauchukulia mwili kama shati lililoloa, kwamba ukilikamua maji yanatoka chini ya ngozi alafu msuli unabaki palepale umejaa. Msuli wenyewe karibu robo tatu yake ni maji. Na ule wanga unaokula, sehemu yake inahifadhiwa ndani ya msuli kwa jina la glaikojeni, na kila gramu moja ya glaikojeni inakaa na maji kama gramu 3 hivi, ndio ule ujazo unaouona ukijitazama asubuhi baada ya kula vizuri usiku. Mwili hauna koki mbili, moja ya ngozi na nyingine ya msuli, kwamba utafunga hii na kuacha ile. Ukinyima maji yanatoka kote, msuli unasinyaa, damu inapungua ujazo, mishipa iliyokuwa imesimama inalala, alafu ukifika nyuma ya jukwaa unapiga pushapu hamsini za kuvimbisha unakuta hakuna kinachovimba kwa sababu damu ya kwenda kuvimbisha ndio hiyo uliyoipunguza mwenyewe.

Hilo la kufunga nakuelewa lakini hesabu zake sio moja. Saumu ni kutoka alfajiri mpaka magharibi, huku kwetu ni kama saa 13 na nusu, alafu unafungua na maji na uji na tende na usiku kucha unakunywa mpaka daku. Alhamisi asubuhi mpaka Jumamosi jioni ni zaidi ya saa 55 bila kufungua katikati, tena mwili ukiwa umeshachoka na wiki za dayati. Na dini yenyewe mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula wakalipa siku nyingine, sasa wewe unajikatia maji kwa ajili ya kikombe?

Mimi nililifanya hilo jambo. Miaka ya nyuma nilisafiri kwenda mashindano mkoa mwingine, nikakata chumvi Jumatatu na maji Alhamisi kama nilivyoelekezwa na mtu niliyemwamini, Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeshuka kilo 4 nikafurahi kweli nikijua ni ukavu, kumbe ni msuli umekauka. Jukwaani walipoita pozi ya tumbo na mapaja paja la kulia likakaza, likagoma kuachia, nikasimama pale natabasamu huku machozi yananilenga, majaji wanaona kila kitu. Nikatoka bila nafasi. Usiku ule nikala wali nyama, nikanywa maji mpaka nikatosheka, nikalala. Jumapili mchana gesti navaa shati niondoke nikajiona kwenye kioo, mabega yamejaa, mishipa imerudi, tumbo limechongeka, na mwili ule wa Jumapili ndio niliopaswa kuupeleka jukwaani Jumamosi. Niliwahi kuwauliza wenzangu wengi waliokata maji na wengi wananiambia hivohivo, kwamba walikuwa wazuri siku ya pili yake.

Kwaiyo fundi, kama umezoea lita 4 kwa siku baki kwenye lita 4 mpaka Ijumaa usiku. Jumamosi yenyewe kunywa kwa kadiri unavyokula, funda mbili tatu kila baada ya muda, usijaze tumbo likatokeza mbele ya majaji lakini usikae na mdomo mkavu pia. Na wewe unafanya kazi kwenye moto wa welding, kama utaendelea kuchomelea wiki hiyo basi ongeza kufidia jasho.

SWALI: Mkuu kuna vidonge vidogo vyeupe jamaa ananiuzia, anasema ni vya wagonjwa wa presha, unameza Ijumaa usiku unakojoa mpaka asubuhi, ukiamka umekauka kama dagaa wa Kibirizi. Wengi wanatumia eti. Ni salama nikimeza kimoja tu? Msomaji, Mwanga.

JIBU: Hapana. Ata nusu.

Nitakaa kidogo kwenye hili kwa sababu ndio jambo linaloua kwenye mchezo wetu. Hizo dawa za kukojoza daktari anampa mtu mwenye maji yaliyojaa miguuni au kwenye mapafu, au mwenye presha, na anampima. Zinachofanya ni kuilazimisha figo itupe chumvi, maji yafuate, na aina nyingi zinatupa potasiamu pamoja nayo. Potasiamu ndio moja ya vitu vinavyofanya moyo upige kwa mpangilio, ikishuka sana moyo unaanza kudunda ovyo na unaweza kusimama. Alafu kuna aina nyingine ya dawa hizohizo za kukojoza ambayo inafanya kinyume, inaizuia potasiamu isitoke, sasa mtu akimeza hiyo huku amesikia kwamba dawa za kukojoza zinamaliza potasiamu akajiongezea vidonge vya potasiamu, inapanda kupita kiasi na hiyo nayo inasimamisha moyo. Wewe unayeuziwa kidonge kwenye kikaratasi bila jina utajuaje uko upande gani?

Waliobobea duniani limewakuta. Mohammed Benaziza, mzaliwa wa Algeria aliyekuwa anaiwakilisha Ufaransa, mtu fundi kiasi kwamba mwaka 1990 alimshinda Dorian Yates huyuhuyu aliyekuja kuchukua Mr. Olympia, taji kubwa kuliko yote la mchezo wetu, mara 6 mfululizo kuanzia 1992 mpaka 1997, alifariki Oktoba 1992 kule Uholanzi, muda mfupi tu baada ya kushuka jukwaani, moyo ulisimama, na kilichotajwa ni mwili kukaushwa maji kupita kiasi. Mkanada Paul Dillett mwaka 1994 kwenye mashindano ya Arnold Classic aligandia jukwaani akiwa katikati ya pozi, hawezi kushusha mikono, ikabidi watu wapande kumtoa. Muaustria Andreas Münzer, ambaye watu walimsifia kwa ngozi nyembamba kama karatasi, alifariki Machi 1996 mjini Munich, hazijafika wiki mbili tangu ashindane Marekani, viungo vya ndani vilifeli kimoja baada ya kingine, na dawa za kukojoza zilikuwa kwenye orodha ndefu ya alivyokuwa akitumia. Alikuwa na miaka 31. Hawa walikuwa na pesa, makocha na hospitali kubwa pembeni yao, sisi tuna nini?

Kama kuna msomaji ameshameza na anasoma hapa, akiona moyo unadunda bila mpangilio, kizunguzungu, misuli inakaza haiachii, au anaanza kuongea vitu havieleweki, asilale akisubiri ipite, aende hospitali, Maweni ipo palepale mjini, na akifika aseme ukweli amemeza nini na saa ngapi. Aibu ya kusema ni ya dakika tano tu. Na mtu anayekuuzia, mwambie umeghairi, usibishane naye.

SWALI: Kocha mimi ni bodaboda nina kilo 70. Naelewa kuna kula wanga kwa wingi siku za mwisho ili msuli ujae, lakini kila ninachosoma wanataja vyakula vya kizungu. Huku kwetu nile nini na kiasi gani? Na chumvi je, niache Jumatatu?

JIBU: Swali zuri na hapa ndio mahali pekee kwenye wiki ya mwisho pana faida ya kweli, faida ndogo lakini ipo.

Jambo lenyewe lilianzia kwa madaktari wawili wa Sweden, Bergström na Hultman, mwaka 1966. Walikaa kwenye baiskeli moja, kila mmoja anakanyaga kwa mguu mmoja tu mpaka ukachoka kabisa, mguu mwingine umepumzika, alafu siku tatu wakala wanga kwa wingi, wakachukua vipande vidogo vya msuli kwenye miguu yote miwili kupima. Ule mguu uliofanya kazi ulikuwa umehifadhi glaikojeni karibu mara mbili ya ule uliopumzika. Maana yake msuli uliomalizwa akiba yake unafyonza kuliko kawaida, na ndio maana Jumatatu mpaka Jumatano tunapunguza wanga na kupiga mazoezi mepesi ya rudio nyingi mwili mzima, 15 mpaka 20 kila seti bila kujiua, alafu Alhamisi tunaanza kujaza, Ijumaa tunamalizia kwa kiasi.

Kwa kilo 70 anza na gramu 6 za wanga kwa kila kilo ya mwili, ni gramu 420 kwa siku. Wali uliopikwa una wanga kama gramu 28 kwenye kila gramu 100, viazi vitamu vya kuchemsha kama 20, ndizi mbivu kama 22. Kwaiyo kilo moja ya wali uliopikwa ni 280, nusu kilo ya viazi ni 100, ndizi mbivu mbili kubwa zinakupa 50 hivi, umeshafika, na hapo hujagusa kitu chochote cha kizungu. Gawanya mara tano au sita kwa siku, usilundike. Asali ya Tabora ukiwa nayo kijiko kikubwa kimoja kina kama gramu 17 za wanga, ni nzuri Jumamosi nyuma ya jukwaa. Protini endelea nayo, mgebuka wa kuchoma, mayai, kuku, ila mawese weka pembeni siku hizo mbili, mafuta yana kalori 9 kila gramu na yanakujazia tumbo bila kuujaza msuli. Maharage nayo najua Kigoma ndio kwao lakini Alhamisi na Ijumaa yaache, na kabichi, na maziwa kama hujazoea, tumbo likijaa gesi hakuna pozi itakayolificha. Ugali wa muhogo kama ndio chakula chako cha kila siku kula, kama si chako usianze leo. Kanuni ya wiki ya mwisho ni kwamba hakuna chakula kipya kinachoingia mdomoni.

Tena ningekushauri ufanye jaribio wiki tatu au nne kabla, fanya hivohivo Alhamisi na Ijumaa, piga picha Jumamosi mahali palepale na mwanga uleule, uone mwili wako unapokea gramu ngapi. Kuna mtu wa gramu 5 anajaa vizuri, kuna mtu wa 8 bado yuko bapa, na hilo huwezi kulijua kwa kuambiwa. Na niseme ukweli ambao hauuzwi, kama bado una mafuta kiunoni hii hesabu yote haitaonekana, endelea na dayati yako.

Chumvi usiache. Ukiikata ghafla mwili unashtuka, unatoa homoni inaitwa aldosteroni ambayo kazi yake ni kuiambia figo ishike chumvi iliyopo na maji yake, kwaiyo unapata kinyume cha ulichotaka. Na kuna sababu nyingine, kila mama hapa anaijua pakiti ya ORS ya mtoto anayeharisha, ndani yake mna glukosi gramu 13.5 na chumvi gramu 2.6 za kuchanganya kwenye lita moja ya maji, na hazikuwekwa pamoja kwa bahati, sukari na chumvi zinashikana mkono kuingia kupitia utumbo na maji yanafuata nyuma yao. Sasa wewe unakula wali kilo nzima bila chumvi unategemea uingie vipi kwenye msuli? Tia chumvi ya Uvinza kama ulivyozoea kila siku, usizidishe usipunguze.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa hapa Ujiji. Kijana wangu ana miaka 24 anashiriki haya mambo ya kutunisha misuli. Mwezi wa tatu sasa hali na sisi, anapima kuku kwenye mizani, usiku halali, mdogo wake akila andazi mbele yake wanagombana. Juzi alianguka akitoka kuoga. Amebakiza siku tisa. Nimzuie au nimwache? Na kama nikimwacha nimpikie nini?

JIBU: Shikamoo mama yangu. Nimeisoma meseji yako mara nyingi na nimeiweka hapa badala ya kukujibu peke yako kwa sababu ziko nyumba nyingi zenye swali hili na wanaogopa kuuliza.

Hasira na kukosa usingizi vinatokana na njaa ya muda mrefu, mafuta ya mwili yakishuka sana homoni nazo zinashuka, mwili unadhani kuna ukame umeingia nyumbani, unamfanya awaze chakula mchana na usiku. Hiyo hali itapita wiki chache akianza kula, mtoto wako hajabadilika tabia, msameheane tu na mdogo wake, ila andazi naomba liliwe nje kidogo kwa siku hizi tisa.

Kuanguka ndiko kunakonisumbua mama. Inawezekana ni presha ilishuka ghafla kwa kutoka kwenye maji ya moto na kusimama, kwa mtu aliyekonda inatokea, lakini inawezekana pia amepunguza maji au kuna vidonge anameza. Mwite mkiwa wawili tu, usimgombeze, muulize mambo mawili, unakunywa maji kiasi gani kwa siku na kuna dawa yoyote unatumia. Alafu mpeleke akapimwe presha na sukari na moyo usikilizwe kabla ya hiyo Jumamosi. Akikataa kwenda kupimwa, au ukakuta vidonge, au akianguka tena, basi hapo mzuie na useme kocha wa kwenye kona ndio kasema, mashindano yapo na mwakani. Akipimwa akawa salama, mwache apande, miezi mitatu ya kujinyima sio mchezo na anahitaji kuimaliza.

Kumpikia usihangaike, muulize yeye anataka nini kwa siku hiyo na umpikie hichohicho kwa kipimo alichokwambia. Wali mweupe wenye chumvi ya kawaida, samaki wa kuchoma au kuku wa kuchemsha, mchicha kidogo. Najua mkono wa mama, utataka kumtilia mawese kijiko kimoja kisirisiri ili apate nguvu, naomba usifanye hivo mama, kama unaona amezidi kukonda mwambie usoni. Kazi yako kubwa itaanza akirudi. Usiku wa Jumamosi atataka kula kila kitu, sinia la pilau peke yake, soda, keki, na akifanya hivo siku mbili tatu zinazofuata miguu na uso vinaweza kuvimba na uzito kuruka kilo kadhaa kwa sababu mwili unashika maji, atajiona ameharibika na atanyong'onyea sana. Basi Jumamosi ale pamoja nanyi sahani moja ya maana akatosheke, Jumapili arudi kwenye milo mitatu au minne ya kawaida, muongezee taratibu wiki hadi wiki. Kama uvimbe umezidi wiki au anahema kwa shida arudi hospitali. Na ukiweza nenda kamtazame, kaa mahali atakapokuona.

SWALI: Habari ya majukumu kocha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kasulu, mashindano yangu yako Dar. Kwa basi au kwa treni ni safari ndefu, nikifika miguu imevimba na tumbo limevurugika. Wenzangu wa Dar wanatoka nyumbani kwao wanapanda jukwaani. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu pole, hilo ndilo tunalobeba watu wa huku na hakuna kitabu cha mazoezi kinacholitaja. Cha kwanza fika siku mbili kamili kabla, mashindano Jumamosi uwe Dar Alhamisi asubuhi, ule uvimbe wa miguu unatokana na kukaa muda mrefu miguu ikining'inia, ukilala usiku mmoja miguu imeinuliwa juu ya mto unashuka wenyewe, usiukimbilie na dawa. Mimi napendelea treni kwa sababu unaweza kusimama ukatembea kwenye behewa kila saa, kwenye basi unabaki kuchezesha visigino na kushuka kila wanaposimama.

Cha pili, na hiki ndio kinawaangusha wengi, mtu akipanda basi anaacha kunywa maji makusudi kwa kuogopa kusumbua dereva asimamishe watu wakachimbe dawa. Anakaa siku nzima na nusu chupa. Huko ni kukata maji kwingine tu, ata kama hukukusudia. Kunywa, omba kiti cha karibu na mlango, konda ukimweleza mapema kwa adabu wengi wanaelewa.

Chakula beba chako. Viazi vitamu vya kuchemsha uvile siku ya kwanza, mayai ya kuchemsha pia siku ya kwanza, baada ya hapo ndizi mbivu, mkate, mgebuka mkavu. Wali uliopikwa usibebe, kwenye joto la basi unaharibika kabla haujanuka na kuharisha Alhamisi ni sawa na kuaga mashindano. Vyakula vya kwenye vituo viache, nakufahamu kuku wa njiani anavyonukia. Mchele wako, mizani yako na sufuria yako vibebe uende ukajipikie kwa mwenyeji wako, na mwenyeji umpigie simu mapema umwambie asikuandalie karamu ya kukupokea, ili asije akadhani umemdharau.

SWALI: Kocha nipake mafuta gani yang'ae? Bibi anasema mawese, wengine wanasema mise, yale mafuta ya kokwa za mchikichi.

JIBU: Mawese yana rangi, utatoka jukwaani na boksa ya machungwa na kila ulichogusa kimechafuka. Mise nayo ina harufu na inateleza kupita kiasi chini ya taa. Waulize waandaaji wanaruhusu nini kwanza, maana wengine wanakataza mafuta kabisa wanaruhusu rangi ya mwili pekee, na rangi tunahitaji ata sisi weusi kwa sababu taa kali zinafuta vivuli vya misuli. Chochote utakachotumia kijaribu kwenye mkono wiki moja kabla uone kama ngozi haiwashi. Kunyoa nywele za mwili nyoa Jumatano au Alhamisi, sio Jumamosi asubuhi, vipele vinahitaji muda wa kulala.

SWALI: Miguu nipige mara ya mwisho lini, na siku zilizobaki nifanye nini kama hakuna vyuma? Najisikia mkosaji nikikaa bure.

JIBU: Miguu Jumatatu au Jumanne, nyepesi, kwa sababu paja likiuma linavimba kwa ndani na ile mikato uliyoitafuta miezi mitatu inafifia. Juu ya mwili Jumatano mwisho. Hukai bure, unapozi.

Na hapa ndipo nawasikitikia sana vijana wetu, mtu ana mgongo ambao ukiuona unanyamaza lakini hajui kuufungua. Pozi za lazima kwa wanaume ni 7: baisepsi mbili za mbele, mabawa ya mbele, kifua cha upande, baisepsi mbili za nyuma, mabawa ya nyuma, traisepsi za upande, na tumbo na mapaja. Kila moja shikilia sekunde 20 nyumbani ingawa jukwaani watakuita kwa chini ya hapo, maana jaji akitaka kulinganisha watu watano anaweza kukuacha umesimama humo huku mapaja yanatetemeka. Anza chini, vidole vya miguu, ndama, paja, tumbo, alafu mikono mwisho kabisa, wengi wanaanza na mikono miguu wanaisahau. Pumua taratibu kupitia puani ukiwa umekaza, usizuie pumzi, ukizuia uso unavimba na watu wanaona unateseka. Jumatatu na Jumanne tumia kioo, kuanzia Jumatano geuza mgongo kwenye kioo kwa sababu jukwaani hakuna kioo, mwambie mdogo wako akushikie simu akurekodi, angalia, rekebisha, rudia. Dakika 30 asubuhi na 30 jioni, Ijumaa 15 tu. Ile pozi ya muziki wako kwa kawaida unapewa dakika moja, kwaiyo wimbo ukate mapema, uweke kwenye simu na kwenye flashi, na uwe umeurudia mpaka ata umeme ukikatika katikati mwili unajua pozi inayofuata ni ipi.